Samli Niliyoitoa Kibuyuni

Jamani, acheni niseme mwenyewe kabla hamjaanza kunong'ona, maana najua mmeshaisikia habari hii kwa watu na kila aliyeisimulia ameongeza chumvi yake: ndiyo, mimi Yustina ndiye yule msichana wa Kihanga aliyewanyeshea watu samli ndani ya gari moshi, nikiwa na viatu vya mchuchumio na sanduku la kuazima, nikienda kupunga upepo kisiwani Unguja. Cheka nawe, cheka tu, mimi mwenyewe nilishacheka mara nyingi, lakini wanaocheka huwa wanaondoka pale kwenye gari moshi, hawangoji nimalize, na leo nitawaomba mngoje.

Ilikuwa miaka ile ya hamsini, kabla ya Uhuru, nami nilikuwa nimemaliza darasa la sita kwa masista na nilijiona nimeumaliza ulimwengu. Nyumbani tulibaki wawili, mimi na mama, na ng'ombe wachache, na migomba ambayo mama hakuipenda sana kwa sababu yeye alizaliwa kwa watu wa ng'ombe na mpaka anazeeka aliiita migomba "majani". Baba alikuwa amefariki wakati wa vita ya Hitla. Kaka yangu Byarugaba, mtoto wa kwanza wa mama, alikuwa vitani huko Burma na hakujua, na alipokuja kujua baba alikwishazikwa siku nyingi na shina la mgomba limeota pembeni ya kaburi. Basi kaka aliona aibu kurudi (mtoto mkubwa wa kiume ambaye hakumzika baba yake, mnajua kwetu maneno yake), akashukia pwani, akapata kazi ya ukarani wa ghala huko Unguja, na kila mwaka akawa anasema mwaka ujao nitakuja, na kila mwaka mama akawa anafagia uwanja.

Mwaka huo kaka akanitumia nauli. Akaandika njoo dada yangu upumzike, uone bahari, mchanga wake mweupe kama unga wa muhogo, minazi, watu wanatembea ufukweni jioni bila kazi yoyote. Bila kazi yoyote! Mimi niliyeamka kila siku kuzoa mavi ya ng'ombe nilisoma neno hilo mara nyingi kuliko jina langu mwenyewe.

Sasa hapo ndipo anapoingia rafiki yangu Paulina wa Kanoni, ambaye mumewe alikuwa askari polisi na walikuwa wamewahi kukaa Dar es Salaam, kwa hiyo mambo yote ya pwani tulimwuliza yeye, na yeye hakuwahi kusema sijui. Paulina alikuwa na sanduku. Si la bati, hapana, sanduku la ngozi-ngozi (nasema ngozi-ngozi kwa sababu baadaye ilionekana ni boksi lililopakwa rangi), lenye kufuli mbili za kung'aa, mumewe alilinunua kwa wachuuzi waliolivusha pale Murongo kutoka Uganda. Aliniazima sanduku hilo na akaja nalo mwenyewe nyumbani kunipangia.

"Yusta, kisiwani hawavai hivyo," ndilo lililokuwa neno lake, kila nikinyanyua nguo yangu. Kitenge hiki, hawavai. Sweta, wewe unataka wakucheke, kule ni joto, utalala umejifunika shuka moja tu. Akaweka gauni jeupe tulilolishonesha kwa fundi, akaweka taulo, akaweka viatu vya mchuchumio ambavyo kila kimoja kilijaza nafasi ya mkungu mzima, akaweka kofia ya ukindu, na akaweka, Mungu anisamehe, nguo ya kuogelea. Paulina alisema amewaona kwa macho yake wanawake wa Kizungu wanaingia baharini na nguo maalumu, basi tukaishona wenyewe kwa pazia la zamani la maua mekundu, mikono mifupi, suruali hadi magotini, na vifungo vikubwa vya koti la mumewe kifuani. Niliivaa chumbani nikajitazama kwenye kioo kidogo, kipande kwa kipande, nikaona nimependeza.

Mama alikuwa amekaa mlangoni anatutazama. Alikuwa anakohoa. Kifua kilikuwa kimemkamata tangu mvua za nyuma na hakikumwachia, alikuwa amekonda hadi bangili zinampwaya, lakini hakutaka tulitaje jambo hilo. Paulina alipoondoka, mama akaniita uani, akanionyesha kibuyu.

Kile kibuyu nilikijua tangu nizaliwe. Kilikuwa kikubwa, shingo ndefu, mfuniko wa ukindu aliousuka mwenyewe, na ubavuni kilikuwa na ufa ulioshonwa kwa uzi wa mgomba, mshono mdogomdogo, safi kabisa. Ufa huo ni kazi ya Byarugaba. Alikiangusha alipokuwa mdogo akimfukuza ndama, akachapwa, kisha mama akakishona huku wote wawili wanalia. Sasa kilikuwa kimejaa samli hadi shingoni. Mama alikuwa ameikusanya kidogo kidogo, maziwa ya ng'ombe mmoja tu, yule aliyetokana na mtamba ambaye baba alimpa Byarugaba siku ya ubatizo wake. Na aliifukiza kwa nyasi zile zile anazofukizia vyombo vya maziwa, ikawa na ile harufu ya moshi ambayo ukiinusa popote unajua uko nyumbani kwetu.

"Mpelekee kaka yako," mama akasema. "Usiitoe humo. Mpe kibuyu mkononi."

"Nimwambie nini, mama?"

"Mwambie mama amekusalimu."

"Na kifua chako?"

"Kifua changu usikitaje kabisa. Akija kwa kuogopa kifo changu atakuwa amekuja kuzika tu, kwa aibu ya kutomzika baba yake. Nataka aje kwa sababu amekumbuka. Akikiona hiki atakuja mwenyewe, nami nitampaka kwa mikono yangu hapa mlangoni."

Kwetu ndivyo ilivyokuwa, mtoto aliyetoka safari ndefu mama yake humkalisha chini akampaka samli kichwani na mabegani, hata awe na ndevu, hata awe na watoto wake, ndipo anaambiwa ameshafika. Kabla ya hapo ni mgeni tu anayekunywa chai. Mama hakutaka kitu kingine duniani isipokuwa kumpaka yule mwanawe, na mimi nilijua. Msije mkadhani sikujua.

Basi usiku ulipokaribia nikajaribu kukiingiza kibuyu ndani ya sanduku. Hakikuingia. Nikakilaza, shingo ikazuia kifuniko. Nikatoa kofia, bado. Nikatoa taulo, bado kidogo. Ningetoa viatu kingeingia. Au ningekibeba mkononi, kama alivyosema mama, jambo rahisi kuliko yote, lakini nikajiona mwenyewe nateremka melini kisiwani, gauni jeupe, kofia, mchuchumio, na kibuyu cha samli kwapani mbele ya marafiki wa kaka, na moyo ukakataa. Ndipo nikafanya uamuzi wangu. Nilichovya mkono, nikaitoa samli yote mabonge mabonge, nikaifunga kwenye majani ya mgomba kama inavyouzwa mnadani, nikakaza kwa kamba za mgomba, nikaipanga vizuri katikati ya gauni na nguo ya kuogelea. Kibuyu kitupu nikakisukumia chini ya kitanda changu, nyuma ya kuni. Nikajiambia samli ni samli. Na nisikilizeni hapa, sikuwa mjinga kama mnavyofikiri: kwetu Kihanga samli ni kitu kigumu! Asubuhi unaikata kwa kisu. Unaweza kuifunga kwenye jani, ukaiweka mwezi mzima, ikakaa pale pale ulipoiweka. Tangu nizaliwe sikuwahi kuona samli ikitembea mahali ambapo hapajawashwa moto, na huyo Paulina aliyeniambia kule ni joto alinieleza habari za shuka tu, hakunieleza habari za samli.

Mama alinisindikiza hadi barabarani linapopita lori, akanipa buni za kutafuna njiani, akanishika mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa yamefifia siku hizo. Akaligusa sanduku, akauliza, "Kimo humu?" Nikasema, "Imo, mama." Akafurahi sana.

Lori hadi Bukoba salama, meli hadi Mwanza salama (nilitapika, lakini hiyo si aibu, kila mtu alitapika), tukapanda gari moshi daraja la tatu, tumebanana mabegani, mizigo juu kwenye rafu. Sanduku langu nililiweka juu kabisa mahali pa heshima, kufuli zinang'aa, nikakaa chini mbali kidogo nikiliangalia kama mtu anayeangalia nyumba yake. Chini ya sanduku alikaa mzee mmoja wa Tabora, kanzu nyeupe ya kupiga pasi, kofia ya viua, anakwenda Dar es Salaam kumwoza binti yake. Alikuwa ametuambia wote habari za arusi hiyo, na tulikwishaizoea.

Tulipopita Tabora jua likawa kali. Madirisha wazi, lakini upepo wenyewe ulikuwa wa moto, mabati juu yanawaka, watoto wanalia. Nami nikawa najipepea kwa kofia yangu nikiwaza bahari. Mara nikamwona yule mzee anapapasa bega lake. Akaangalia vidole. Akaangalia juu. Tone jingine likatua kwenye kofia.

"Kuna mtoto huko juu?" akauliza, na watu wakacheka.

Halafu yakaja matone mfululizo, halafu uzi mrefu wa manjano, ukateremka taratibu kwenye kanzu ya arusi. Mzee akaruka, akamkanyaga bibi aliyekuwa jirani yake, bibi akapiga kelele, na harufu ikalijaza behewa lote, ile harufu ya moshi na nyasi na maziwa ya kwetu, lakini kwa joto lile na kwa pua zisizoijua ikawa jambo jingine. Mmoja akasema ni mzoga. Mwingine akasema hapana, ni dawa, kuna mganga humu. Mama mmoja akamfunika mtoto wake uso.

"Sanduku la nani hili?" mzee akanguruma.

Na mimi, darasa la sita, kwa masista, niliyefundishwa kusema kweli kwa Kiswahili na kwa Kilatini, nikageuza shingo nikawatazama wenzangu nikasema kwa sauti, "Kweli, sanduku la nani?"

Akaitwa mkaguzi wa tiketi. Mkaguzi akasema kama halina mwenyewe atalitupa nje dirishani, tena akalishika kweli, likateleza mikononi mwake, na hapo nikasikia sauti yangu inalia, "Msilitupe, ni la Paulina!" Basi kila mtu akaanza kumtafuta Paulina. Ikabidi nisimame, nieleze kuwa Paulina yuko Kanoni, na Kanoni iko Karagwe, na kwamba kwa leo Paulina ni mimi.

Wakanifanya nilifungue pale pale katikati ya behewa. Jamani. Majani ya mgomba yalikuwa yamelegea kama matambara, yamebaki matupu, na kila kitu kinaogelea: gauni jeupe limekuwa la manjano, viatu vimejaa samli hadi kisigino, taulo limeloa. Mkaguzi akatumbukiza vidole viwili, akavuta, na ikapanda juu polepole, inachuruzika, mbele ya watu wote wa daraja la tatu, nguo yangu ya kuogelea ya maua mekundu na vifungo vya polisi.

"Hii nini?" akauliza.

Kuna mtu akasema ni pazia la mganga. Walicheka watu, walicheka hadi wa behewa la pili wakaja kuchungulia, na yule mzee peke yake hakucheka, alikuwa anaifuta kanzu na kila akifuta doa linapanuka.

Mimi ningeweza kuvumilia kicheko. Lakini yule bibi aliyekanyagwa aliinama akachovya kidole, akaonja, akainua uso wake na kusema, "Nyie! Hii samli! Samli safi ya ng'ombe, mnaiacha imwagike?" Akatoa sufuria yake kwenye kikapu, akaanza kuichota kutoka ndani ya viatu vyangu. Mwingine akaleta bakuli. Mwingine akaleta mahindi ya kuchemsha akayachovya. Hata yule mkaguzi alipata kidogo kwenye mkate. Waliniambia, "Karibu, dada, kula nawe," kwa ukarimu kabisa, na mzee wa arusi naye mwishowe, kwa vile kanzu ilikwishaharibika, akapokea hindi. Maziwa ya ng'ombe wa Byarugaba, jasho la mama na kile kifua chake, vikaliwa na watu wasiomjua, wanalamba vidole, na mimi nimekaa kando ya sanduku nalia, na wao wanadhani nalilia gauni.

Nilifika Unguja nikiwa nimevaa gauni lile lile nililotoka nalo nyumbani, ambalo nalo lilikuwa limeloa kwa kukumbatia sanduku, vumbi la njia nzima limegandamana nalo, nywele zinang'aa, nzi wawili watatu waaminifu wananifuata tangu Dar es Salaam. Kaka alikuwa gatini, suruali nyeupe, na wenzake wa kazini aliowaleta waje wamwone dada yake aliyesoma. Nilipokaribia wenzake wakarudi nyuma hatua moja, kwa adabu. Mmoja alitoa leso.

"Shikamoo, kaka," nikasema.

Alikuwa amesimama, pua imepanda kidogo, anatazama mahali ambapo hapakuwa na kitu. Kisha akalichukua sanduku mikononi mwangu, akapiga magoti pale chini mbele ya wapagazi na wenzake wote, akalifungua, akaingiza uso wake wote ndani ya lile gauni chafu. Mabega yakaanza kutikisika.

"Hii ni ya mama," akasema. Halafu akainua uso. "Kibuyu kiko wapi?"

"Nimekiacha nyumbani."

"Kile nilichokivunja?"

"Kile."

"Alikutuma nacho?"

"Alinituma nacho, kaka. Hakikuingia."

Akanitazama sana. Nilitamani anipige. Akauliza, "Anaumwa?" nami nilikuwa nimekatazwa kusema, na sikusema, lakini nadhani uso wangu ulisema. Kaka akafunga zile kufuli mbili, akajifuta, akawaambia wenzake kwa sauti ya kawaida tu, "Nakwenda kwetu."

Tatizo lilikuwa ruhusa. Bwana mkubwa wake ghalani alisema asubiri meli ya karafuu ipakiwe kwanza na mtu wa kushika nafasi yake apatikane, ikapita wiki, ikapita nyingine, kaka anaamka anakwenda kuomba, anarudi amekaza midomo. Na mimi katika muda huo nilikuwa likizoni, si ndivyo? Nilipelekwa ufukweni. Mchanga ni mweupe kweli, kaka hakunidanganya, na watu wanatembea jioni bila kazi yoyote. Mimi nilikuwa na kazi. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye maji ya bahari na kipande cha sabuni nikifua gauni na taulo, na maji ya chumvi hayatoi povu, na samli haitoki, unasugua hadi mikono inawaka na mama yako bado yumo ndani ya nguo. Nikaacha kusugua. Nilikaa mchangani nikiwa na taulo puani nikaitazama bahari, na kusema kweli sikumbuki ilikuwa na rangi gani.

Ruhusa ilipotoka tulisafiri bila kupumzika. Kaka alinunua kanga mbili za mama na kofia ya jua, kwa sababu nilimwambia macho yake yamefifia na jua linamsumbua. Ndani ya gari moshi alinisimulia habari zake za utotoni, hata ile ya ndama, na alikuwa anacheka, na nilimwona kijana kabisa. Lori lilituteremsha Kihanga mchana. Kutoka barabarani niliona uwanja wetu una nyasi, na mama hakuwahi kuacha nyasi uwanjani.

Shangazi yetu Kokushubira, dada yake baba, ndiye aliyetoka ndani. Alikuwa amenyoa nywele. Alipomwona Byarugaba alishika mlango.

"Waitu, wa kwetu, umekuja," akasema. "Mwanangu, umekuja leo."

Mama alikuwa amezikwa tangu wiki ya nyuma. Kando ya baba.

Shangazi alitueleza yote tukiwa bado tumesimama, kaka ameshikilia zile kanga. Siku chache baada ya mimi kuondoka, mama alikwenda kuchukua kuni chumbani kwangu, mkono wake ukagusa kibuyu. Akakivuta. Akakitikisa, kitupu. Shangazi anasema alikaa nacho mapajani hadi jua likazama, akipitisha kidole kwenye ule mshono. Baadaye akasema, "Maskini, mtoto aliona haya kukibeba. Ana sanduku zuri. Kosa langu, kwa nini nilimpa mzigo mbele ya watu?" Alidhani nimeimwaga samli. Hakuwahi kujua kwamba ilikwenda. Basi siku iliyofuata alianza upya: akakamua, akasuka maziwa mwenyewe na kile kifua, asubuhi baada ya asubuhi, shangazi anamnyang'anya kibuyu cha kusukia na yeye anakirudia. Kwa kuwa ng'ombe wa Byarugaba maziwa yalikuwa yamepungua, akaomba maziwa kwa majirani, yeye ambaye hakuwahi kuomba. Kile kibuyu cha mshono kilipojaa akakibeba hadi barabarani kukipa lori linaloshuka Bukoba, dereva akipeleke melini, kitafika. Mvua ilikuwa inanyesha. Lori halikupita siku ile, barabara ilikuwa imekatika huko chini. Alikaa pale kutwa amekikumbatia, amekifunika kwa kanga yake mwenyewe kisiloe. Kesho yake akaenda tena.

"Niliporudi naye ile mara ya pili alikuwa anatetemeka," shangazi akasema, "na hakutoka tena kitandani."

Kisha akaingia ndani, akatoka nacho. Kilikuwa kimejaa hadi shingoni, mfuniko wake juu, mshono wake ubavuni. Kaka alipouona ule mshono alikaa chini pale pale mlangoni bila kuambiwa, mtu mzima, askari wa Burma, na suruali yake nyeupe kwenye vumbi, akavua kofia yake.

Shangazi hakumpaka. Alinipa mimi kibuyu. "Alisema ukija na kaka yako, wewe ndiye umpake," akasema. "Alisema usigombezwe."

Nilifungua mfuniko. Ilikuwa ngumu, kama inavyokuwa kwetu, ilibidi niikwangue kwa vidole. Niliisugua viganjani hadi ikalainika, nikampaka kaka kichwani, ambako kulikuwa na mvi ambazo mama hakuziona, nikampaka mabegani, nyingi mno hadi ikawa inamdondokea shingoni, naye amefumba macho. Hakuna aliyecheka. Nilipomaliza nilipaswa kumwambia neno lile analoambiwa mtu aliyefika, nikafungua mdomo, likakataa kutoka. Akaniuliza, akiwa bado amefumba macho, "Nimefika?" Shangazi ndiye aliyemjibu.

Sasa mnajua kwa nini siendi pwani. Wanangu wananiita mshamba, wanasema mama, siku hizi kuna mikebe, kuna chupa za mifuniko, na nikiwapa kitu cha kupeleka kwa ndugu nawalazimisha wakibebe mapajani, kwenye chombo chake, mbele ya watu wote, watake wasitake, hata wakiwa wamevaa suti. Kibuyu ninacho, mwauona ule mshono, msiuguse sana. Sanduku Paulina alikataa kulipokea, nalo liko chini ya kitanda. Kaka alikuwa akija likizo, kila mwaka baada ya hapo alikuja, kabla hajanywa hata chai alilivuta sanduku, akalifungua, akainamisha uso ndani yake. Mimi nilimpisha, nikaenda kufagia uwanja.